Nakala ya Pili

Watu wa mtaani kwetu wanasema mjomba wangu alipofuka kwa sababu alimlaani bibi harusi. Wanalisema kwa sauti ya chini anapopita na fimbo yake, kana kwamba kilichokufa ni masikio. Muuza vocha wa pale kona ana ushahidi wa tarehe: harusi ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa pili, na kabla mwaka haujageuka macho yalikuwa yamefunga. Lisemwalo lipo, humalizia, kisha hurudi kwenye vocha zake. Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, aliwahi kumjibu maneno ambayo hayaandikiki. Lakini hata mama hajui ilivyokuwa. Tunaojua ni wawili, na mmoja wetu si msemaji.

Jina lake la kazi ni Kidole. Alilipata katika ukumbi aliopiga muziki kwa miaka ishirini na sita, na wengi waliamini ni jina la madaha. Kila alipotaka kuweka wimbo alitanguliza kidole cha shahada ukingoni mwa santuri inayozunguka, akakiacha hapo kama mtu anayempima mtoto homa, kisha akashusha sindano kwa mkono wa pili. Vijana walimuiga. Mwanzoni kweli yalikuwa madaha. Baadaye hayakuwa.

Kabla ya ukumbi alikuwa kwa fundi redio, akipuliza vumbi na kushika taa. Pale dukani palikuwa na mashine mbili za santuri ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Alizifufua, moja kwa vipuri vya nyingine na nyingine kwa vipuri vya kuokota, akagundua kwamba akizipiga pamoja, hii ikipokea pale ile inapoachia, watu waliokuwa na haraka barabarani husahau haraka yao. Mmoja wa waliosahau alikuwa mwenye ukumbi. Alimchukua siku hiyo hiyo, na grisi kwenye kucha.

Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ghala la magunia. Sakafu yake ni ya mbao juu ya magogo, na watu wakicheza hupanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Sindano haivumilii hilo, inaruka. Mjomba aliomba bamba la zege, akalilaza juu ya mipira miwili ya ndani ya baiskeli iliyojazwa upepo nusu, na juu ya bamba akaweka mashine zake. Watu wakaruka, sakafu ikaruka, sindano ikatulia. Marehemu mwenye ukumbi alikuwa akiwaonyesha wageni ile mipira kabla hajawaonyesha vyoo.

Santuri alizibeba kwenye kasha la mbao lenye pembe za chuma. Zilikuwa santuri ndogo, zile za nyimbo mbili, mmoja kila upande. Mpangilio wake haukubadilika tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Upande wenye wimbo wa maana aliubandika kipande cha plasta ya kidonda kwenye lebo, ili mkono uujue bila kuuliza. Mama husema kaka yake alioa mara mbili: mke alichoka akaondoka, kasha likabaki kwa kuwa halina miguu. Baada ya mke kuondoka mjomba alihamia chumba chetu cha uani, na ukuta wa chumba hicho ndio uliokuwa wa kitanda changu. Nilisoma mitihani yangu yote huku upande wa pili mtu akipangusa santuri.

Mwenye ukumbi alipofariki, mkewe alishika kazi, naye watu walimwita Mama Ukumbi. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu hadithi hii ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Wateja walikuwa wakimletea majina ya nyimbo ambazo hazijawahi kuwa santuri na hazitakuwa. Sindano za mashine zile zilikuwa hazipatikani tena madukani. Ya mwisho ilikuja ndani ya bahasha, baada ya kusubiriwa miezi miwili, ikiwa imepinda. Kuna marafiki wa bwana harusi mmoja waliopanda hadi mezani kwa mjomba, wakatazama, wakashuka, na kesho yake wakahamishia sherehe kwingine. Baada ya hapo Mama Ukumbi alinunua pleya mbili za kidijitali, zile za kuchomeka flashi, akaziweka zikiwa bado na nailoni juu ya meza ya ofisi, akamwita mjomba. Alimpa hadi mwisho wa mwezi.

Mjomba alinisimulia maneno yake yalivyokuwa. "Shemeji, sikufukuzi. Nakuomba tu uhame meza hii uende meza ile."

Asipohama, meza ile ingekaliwa na kijana mmoja aliyeitwa Betri, aliyekuwa akipiga kumbi nyingine za mjini. Betri alikuja kuzitazama mashine, akakuta mjomba anafunga kasha. Akamtania kwamba yeye disko lake zima analitia mfukoni, ilhali la mzee linataka mkokoteni. Mjomba akamuuliza, na siku likidondoka chooni, utalifuata? Wahudumu walicheka hadi mmoja akaweka sinia chini. Lakini nje ya utani Betri alikuwa na hoja, na alizitoa kwa adabu. Pleya haziruki, sakafu ipande ishuke. Zinabeba nyimbo elfu. Skrini inakuandikia jina la wimbo, muda uliobaki na kasi ya ngoma, huhitaji kubahatisha. Mjomba alijibu kwamba santuri inakuonyesha ulipo, unaishika, ukikosea unasikia kwa ngozi kabla ya sikio. Betri akasema, "Mzee, hayo ni mapenzi. Mimi naongelea kazi."

Wote tulidhani ni mapenzi. Mama alimwambia mezani, mbele yangu, kwamba kiburi hakijazi tumbo, na kwamba mtu wa miaka hamsini na minne haanzi kuchagua mabwana. Moyoni nami nilikuwa upande wa mama. Ninafanya kazi katika maktaba ya chuo. Nimeona watu wazima wakilia kwa ajili ya kabati la kadi tulipoweka kompyuta, na mwezi mmoja baadaye hawakukumbuka kabati lilikuwa ukuta gani.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyeonekana kujua kompyuta, niliombwa kwenda naye kuziwasha. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepandishwa juu ya meza, mfagiaji yuko mbali upande wa jukwaa. Niliingia chini ya meza kutafuta soketi. Juu yangu nilimsikia mjomba akisogeza kiti, akiinama kwenye skrini, akivuta pumzi kama mtu anayesoma barua.

"Maandishi mazuri," akasema. "Makubwa. Hata mtoto angesoma."

Nilikuwa bado sijachomeka waya.

Nilikaa chini ya ile meza muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nikakumbuka plasta kwenye lebo, na kidole ukingoni mwa santuri. Nikakumbuka kwamba kwa mwaka mzima alikuwa akiniomba nimsomee gazeti, akisema napenda sauti yako, Maktaba, ina vumbi la vitabu. Nilipotoka alikuwa bado ameinama, anaitabasamia skrini nyeusi. Nikachomeka waya, ikawaka, mwanga ukampiga usoni, naye akaelewa.

Alinieleza pale pale, kwa ufupi, kama mtu anayemwelekeza dereva. Ni presha ya macho. Daktari alimwambia miaka miwili iliyopita kwamba dawa ya matone itachelewesha, haitarudisha, na kilichokwenda kimekwenda. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazibwa taratibu. Mchana kweupe aliweza kutembea. Chini ya taa za rangi za ukumbini aliona mwanga tu na vivuli. Herufi zilimwacha kabla ya sura za watu.

Nilimwambia amweleze Mama Ukumbi. Akaniuliza kama namkumbuka mlinzi wa geti aliyekatwa mguu. Nilimkumbuka. Walimpa kiti, kisha wakampa chai, kisha wakampa barua ya shukrani na picha ya pamoja. "Huruma ina mlango mmoja, mwanangu," akasema. "Ule wa kutokea." Akaniapisha nisimwambie mama.

Basi uchaguzi wake haukuwa ule tulioudhania. Santuri angepiga macho yakiwa yamefumba, na kwa kweli alikuwa ameshaanza. Mashine mpya ilimtaka jicho, ndicho kitu pekee asichokuwa nacho. Akibaki na mikono yake atakosa ukumbi, na akitaka ukumbi aiache mikono. Alichagua ukumbi. Santuri ningezipiga hata kaburini, akasema, tatizo watu wa kule hawachezi.

Jumapili nne tulikaa chumba cha uani, mashine moja ya santuri imeunganishwa kwa waya na kompyuta yangu, tukihamisha nyimbo. Alizitoa kwenye kasha moja moja, kwa mpangilio wake ule ule, na akanikataza nisiupange kwa herufi wala kwa mwaka wala kwa akili yangu. Nyingi zilikuwa na upande mmoja tu wa maana. Moja tulihamisha pande zote mbili. Upande wa plasta ulikuwa wimbo wa kumpokea bibi harusi, na wa nyuma ulikuwa wimbo wa maziko, wa wapigaji wale wale. Ukumbi ulikodishwa pia kwa shughuli za kumbukumbu, na watu waliupenda. Nilizipa nyimbo namba mbele ya majina, ili mashine isije ikazivuruga. Wa bibi harusi ukawa wa thelathini, wa maziko wa thelathini na moja.

Tulipofika wa ishirini na mbili, alitoa santuri mbili zinazofanana, za wimbo mmoja.

"Weka mbili," akasema.

Nikanakili mara mbili. Ishirini na mbili, ishirini na tatu. Sikuuliza kwa nini. Huwa siulizi. Nilichomuuliza ni atazipataje nyimbo zenyewe ukumbini, akajibu kwamba atazipata kwa masikio, macho ya DJ yako ndani ya hedifoni. Ilinitosha. Nilimpiga picha akilini akizungusha kitufe na kuonja wimbo mmoja mmoja hadi aupate, nikaona inawezekana.

Alivyokuwa akifanya hasa hakuniambia. Nadhani aliona haya. Kitufe kikubwa cha pleya ukikizungusha hugota kidogo chini ya kidole, mgoto mmoja kwa kila wimbo. Alikuwa anahesabu. Kila asubuhi Mama Ukumbi alimwachia ufunguo akafanye mazoezi, naye alisimama gizani akihesabu migoto hadi akajua orodha nzima kama anavyojua ngazi za nyumbani.

Na ilifanya kazi, hilo lazima nilisimulie. Alipiga sherehe ya kustaafu ya mwalimu mkuu mmoja, kisha harusi mbili, na hakuna aliyegundua chochote. Betri alikuja kwenye ile ya pili kumtazama kwa nyuma, akaondoka akitikisa kichwa, akamwambia mhudumu kwamba mzee yule ni jini. Mama Ukumbi alimpelekea soda mezani kwa mkono wake mwenyewe. Nyumbani mama alilitandika kasha kitambaa na kuweka chungu cha ua juu yake, akasema mjane naye apambwe. Mjomba alicheka. Kwa wiki kama tano alikuwa mtu mwepesi, anapiga mluzi akinyoa ndevu kwa kupapasa.

Wiki ya harusi ile, maktabani tulikuwa tunahesabu vitabu. Kazi yangu ilikuwa kuondoa nakala za ziada: kitabu kikiwa na nakala mbili na hakuna anayekiazima, moja inatoka kwenye rafu, inagongwa mhuri, inatiwa kwenye boksi. Siku tano nilifanya hivyo. Ijumaa jioni mjomba alinipa flashi niongeze wimbo mmoja ambao familia ya bwana harusi iliuomba, niuweke mwisho kabisa. Niliuweka. Kisha, nikiteremka kwenye orodha kuhakikisha, nikakutana na wimbo uleule mara mbili. Ishirini na mbili, ishirini na tatu.

Nilifikiri: kwenye santuri labda alihofia moja ikwaruzike. Kwenye flashi wimbo haukwaruziki. Nakala ya pili haina kazi.

Nikaifuta. Na kwa kuwa sipendi pengo, nikasahihisha namba zote zilizofuata, moja moja, hadi mwisho. Ilinichukua muda mrefu. Niliona namfanyia hisani.

Harusi ilianza saa tisa alasiri. Nilikuwa nimekaa meza ya nyuma karibu na mlango, kwa kuwa mjomba alipenda niwepo, na mimi napenda meza za nyuma. Bibi harusi alikuwa nje kwenye ngazi, ameshikwa mkono na baba yake mdogo. Baba mzazi alikuwa amezikwa miezi saba kabla. Mama yake alikaa meza ya mbele, kiti cha pembeni yake kimeachwa wazi na ua jeupe juu yake. Mshereheshaji aliwaomba wageni wasimame, akanyoosha mkono kuelekea mezani kwa mjomba.

Nilimwona akishika hedifoni kwa bega, akizungusha kitufe. Wapigaji wa wimbo ule wa bibi harusi walikuwa na tabia ya kufungua nyimbo zao zote kwa gitaa moja peke yake, mapigo yale yale, kama mtu mwenye namna yake ya kubisha hodi. Alisikia gitaa, mkono wa mshereheshaji uko hewani, mlango unafunguliwa. Akauachia.

Gitaa likajaza ukumbi. Watu wakageuka na simu zao. Bibi harusi akaweka mguu ndani. Kisha sauti ya mwanamume ikaimba, polepole na wazi, kwenye spika zote nne:

Shusheni taratibu, wapendwa, udongo hauna haraka.

Mjomba aliukata kabla mstari haujarudiwa. Mtu mmoja akacheka, kile kicheko cha kutojua la kufanya, na mshereheshaji akakiokoa haraka, akasema hata mashine zina presha siku ya harusi. Watu wakapumua. Bibi harusi alikuwa amesimama, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akitabasamu kwa nguvu. Pangeishia hapo, leo ingekuwa hadithi ya kuchekesha.

Lakini nilimwona mjomba akiinamisha kichwa, midomo inatembea. Alirudisha kitufe mwanzo kabisa. Alidhani kidole kimeteleza. Safari hii alihesabu kwa makini, mgoto baada ya mgoto, na watu mia mbili wanamngoja. Alipofika thelathini hakuhitaji hata kusikiliza. Akauachia.

Gitaa. Kisha: Shusheni taratibu, wapendwa.

Mara ya kwanza watu walisema mashine. Mara ya pili walisema mtu.

Mama wa bibi harusi hakupiga kelele. Alikaa chini, akalichukua lile ua kwenye kiti cha mumewe, akaliweka mapajani. Baba mdogo alimwachia binti mkono, akauvuka ukumbi wote kwa hatua ndefu, na watu wawili wakamzuia hatua chache kabla ya meza. Betri, aliyekuwa amealikwa kama mgeni, aliruka hadi pale mezani, akamsogeza mjomba kwa kiwiko bila kumtukana, akatafuta wimbo wowote wa furaha. Mjomba alibaki amesimama kando akiwa ameshika hedifoni kwa mikono miwili, anatazama pasipo na kitu.

Tulitembea kwa miguu kurudi nyumbani, mimi nikimtajia mashimo ya njiani kwa sauti ya chini. Tukafika karibu na geti letu. Hapo akasimama.

"Nilihesabu thelathini," akasema. "Mara mbili. Nilihesabu thelathini."

Nikamuuliza kuhesabu nini. Akanieleza habari ya migoto. Kama ningekuwa mtu wa kusema, ningesema wakati ule. Nilifungua geti nikamwambia aangalie kizingiti.

Jumatatu Mama Ukumbi alimwita ofisini. Nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi ndani ya mlango. Mama Ukumbi alikuwa na macho mekundu. Alisema amewaita mafundi, pleya zote mbili ni nzima. Alisema familia inataka jibu, na akasema jambo ambalo sitalisahau, kwamba kama Kidole atamwambia mashine ilikosea, yeye atawaambia hivyo hivyo, na mafundi wakitaka kulaumu, wamlaumu yeye.

Mjomba alipitisha kidole cha shahada ukingoni mwa meza.

"Mara moja ningeelewa," akasema Mama Ukumbi. "Mara mbili, shemeji? Mbele ya yule mama?"

Nilijua kilichomkaba. Akisema mashine, wangempeleka mezani aonyeshe ilivyokosea, nayo skrini ingemuumbua. Kusema macho ndiko alikokukwepa miaka miwili. Nami nilikuwa pale, hatua nne, nina jibu zima mdomoni. Nilitazama kalenda ukutani. Hadi leo nakumbuka picha ya ule mwezi.

"Sizipendi mashine zenu," mjomba akasema. "Nilitaka mjue."

Mama Ukumbi akavuta karatasi, na hakumwita tena shemeji.

Nilimwambia mjomba siku tisa baadaye. Nilimfuata chumbani mchana, nikalisimulia lote nikiwa nimesimama: nakala, mhuri, namba nilizosahihisha. Alisikiliza huku akizungusha kizibo cha chupa ya dawa yake.

"Ile ya pili," akauliza, "uliona haina kazi?"

"Ndiyo, mjomba."

Akaniambia nitoe chungu cha ua. Akafungua kasha, mkono wake ukaingia na kutoka na zile mbili. Akaziweka, moja mashine ya kushoto, moja ya kulia. Ya kushoto ikaanza. Ilipofika mahali ambapo mwimbaji hunyamaza na ngoma hubaki peke yake, kidole chake kilikuwa tayari kwenye santuri ya kulia, akaiachia ngoma ileile ianze pale ya kwanza ilipoishia, kisha akairudisha ya kushoto nyuma, ikapokea tena. Kushoto, kulia. Mahali pa sekunde kumi palikaa dakika nne, tano, bila mshono. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo ukutani kwangu maisha yangu yote na sikujua kwamba ni mfupi.

Akazima. "Watu walikuwa hawataki pale paishe," akasema.

Nikamwambia naenda kwa Mama Ukumbi, sasa hivi, nimweleze kosa ni langu. Alinishika kifundo cha mkono. Akaniuliza nitamwelezaje habari ya namba bila kumweleza kwa nini mtu mzima alikuwa anahesabu kwa kidole kitu kilichoandikwa mbele ya uso wake. Mtu mwenye chuki anaweza kupata ukumbi mwingine, akasema, hasira zinapoa. Kipofu hapati.

Hakupata. Habari ilimtangulia kila alipobisha, na tundu la ufunguo likaziba mwezi wa kumi na moja, jicho la kushoto kwanza, wiki tatu baadaye la kulia. Hapo hapakuwa tena na cha kuficha. Ndipo watu walipoyachukua mambo mawili, harusi na upofu, wakayafunga pamoja kwa kamba yao wenyewe. Nilimwuliza kama sasa naweza kusema. Akasema kusema hutaweza, nakujua tangu ukiwa mdogo unajibu kwa kutazama viatu. Ukitaka andika.

Nimeandika. Hakumlaani mtu. Alihesabu sawasawa, mara zote mbili.

Flashi iko kwenye droo yangu kazini, chini ya mhuri wa kuondolea nakala. Nimeirudisha ya ishirini na tatu mahali pake na zilizofuata nimezisogeza zote, hadi ya bibi harusi ikawa tena ya thelathini. Mjomba hajaniomba nimpe. Nilipomwambia kwamba imekaa sawa, aliitikia kwa kichwa, akaniuliza kama mvua imeacha kunyesha, nami nikaenda dirishani kumtazamia.